Bondia aliyetulia kupita kiasi: kisa kimoja cha Goma

Kazi yangu ni kuwaandaa wanamichezo kiakili, na kijana huyu, bondia, aliletwa kwangu na kocha wake kwa sababu ya raundi za kwanza. Alikuwa na miaka 19, anapigana katika uzito usiozidi kilo 63.5, na mapambano yake matatu ya mwisho yalikuwa yamepotea kwa namna ile ile. Dakika tatu za mwanzo anapigwa kama mtu asiyejua ameingiaje ulingoni. Raundi ya pili anaamka. Raundi ya tatu anamkimbiza mwenzake kona hadi kona, watu wamesimama juu ya viti, lakini hesabu ya majaji imeshamwelemea. Ngumi za ridhaa ni raundi tatu tu. Ukiitoa ya kwanza bure, kuifidia ni kazi kubwa.

Jina lake silitaji, na mambo ambayo yangemtambulisha nimeyaacha. Kisa ni cha kabla ya vita kuingia mjini Januari 2025. Nakiandika kwa sababu naona makocha wengi wa hapa Goma, wa ngumi, wa judo, wa mbio, wanawapa vijana wao dawa moja tu ya kichwa, nayo ni neno "tulia". Kwa huyu, neno hilo ndilo lililokuwa likimpoteza.

Kocha alifika na jibu lake tayari: kijana ana woga. Mazoezini ni simba, siku ya pambano ni mtu mwingine, basi ni woga, kuna nini kingine? Na kwa kuwa ni woga, kila aliye karibu naye alikuwa amefanya kazi ya kuutuliza. Mama yake alimwombea utulivu. Rafiki yake wa kanisani alimwekea nyimbo za kuabudu kwenye simu. Kocha mwenyewe alikuwa amemfundisha kupumua taratibu, macho yamefungwa, mikono juu ya magoti. Kijana ni mtiifu, akafuata yote. Siku ya pambano alikuwa akifika mapema, anatafuta benchi mbali na kelele, anavaa visikizio na kukaa. Saa nzima, wakati mwingine mbili, maana ratiba za mashindano yetu mnazijua: unaambiwa saa nane, unaitwa saa kumi na moja.

Nawaelewa kabisa waliomwambia atulie. Huu ni mji uliochomwa na volkano ya Nyiragongo mwaka 2002, ukatikiswa nao tena Mei 2021 mpaka watu wakahamishwa kwa mamia ya maelfu, na milio ya risasi watoto wanaijua kabla ya kujua kusoma. Kutulia hapa ni akili ya kuishi. Mzazi anayemfundisha mwanawe kutulia anamfundisha jambo zuri. Ila ulingo una mahitaji yake.

Kabla ya kugusa habari ya hisia nilitaka mambo matatu yaondolewe njiani, na ningemsihi kila kocha aanze hapo. La kwanza ni kichwa chenyewe. Bondia anayechelewa kuitikia, anayeonekana kama yuko usingizini, huenda ametikisika ubongo katika mazoezi na hakuna aliyeona. Tulimuuliza juu ya maumivu ya kichwa, kichefuchefu, mwanga kumsumbua, kusahau, kisha akaenda kwa daktari. Kama kungekuwa na shaka yoyote, glovu zingewekwa chini hadi daktari aseme vinginevyo, na mazungumzo yetu yangengoja. La pili ni maji na chakula. Mabondia hupimwa uzito asubuhi ya pambano, na wapo wanaojikausha tangu jana yake kwa kujinyima hata maji. Mtu mwenye kiu hana raundi ya kwanza. Huyu alikuwa chini ya uzito wake bila kujinyima kitu.

La tatu ni lile ambalo Goma huwezi kuliruka. Mwaka 2021 alikwenda kwa miguu hadi mji wa Sake na wadogo zake, usiku, bila kujua wazazi wako wapi. Nilimuuliza polepole: unalala? Unaota? Bati likigonga kwa upepo unafanya nini? Kuna wakati unaona kama uko kule tena? Alijibu bila kujikaza. Analala, anakula, anacheka. Anakumbuka ile safari kama tunavyokumbuka mambo mazito, lakini safari yenyewe haimrudii kwa nguvu mchana. Majibu yangekuwa mengine, nisingemwandalia pambano hata moja. Ningempeleka kwa mtaalamu wa afya ya akili, na ngumi zingefuata baadaye. Kiwewe hakitibiwi kwa maneno ya kujipa moyo.

Baada ya hapo nikamwomba anisimulie mapambano mawili: lile ambalo alipigana vizuri kuliko yote, na lile baya kuliko yote. Sikutaka mapambano yenyewe. Nilitaka saa moja kabla ya kengele. Ulikuwa wapi, umekaa au umesimama, nani yuko karibu, mikono ina joto au baridi, tumbo likoje, unajiambia nini.

Pambano baya lilikuwa la hivi karibuni. Benchi, visikizio, macho yamefungwa. Nikamuuliza, na woga? Akafikiri kidogo.

"Yaya," akasema, kama tunavyomwita mkubwa wetu, "sikuwe na woga. Mwili njo ilikuwa baridi."

Pambano zuri lilikuwa la mwaka uliotangulia, Gisenyi nchini Rwanda, ng'ambo ya mpaka. Siku ile mpakani kulikuwa na msongamano, karatasi za mmoja wao zikaleta shida, wakavuka wamechelewa. Walitoka pale mbio na mabegi mgongoni. Kufika ukumbini jina lake linaitwa. Alifungwa bandeji amesimama, akiwa analowa jasho, amewakasirikia wote, wa mpakani na wa ukumbini, na moyo ukimpiga hadi masikioni. Akaingia. Mwenzake alihesabiwa na refa katika raundi ya kwanza.

Kocha alikuwa ameketi pale pale akisikiliza. Alilikumbuka pambano hilo kama la bahati, siku iliyoharibika ikaokolewa na Mungu. Hakuwahi kulitazama kama siku ambayo mwili wa kijana ulikuwa umewashwa ipasavyo.

Tulikuwa na video ya simu ya pambano baya, nikawaomba tuitazame dakika moja tu ya kwanza bila sauti, tukirudia. Kisigino cha mguu wa nyuma kimelala sakafuni. Mkono wa kushoto unatoka nusu, unarudi chini ya kidevu badala ya kurudi shavuni. Mwenzake anapiga ngumi ya kwanza, na kijana anatikisa kichwa baada ya ngumi kufika, kama anayekubali habari. Mtu mwenye woga wa ngumi hufumba macho, hurudi nyuma, hukumbatia. Huyu hakufanya hata kimoja. Alikuwa bado yuko benchi.

Sayansi ya jambo hili ni ya zamani. Mwaka 1908 Wamarekani wawili, Yerkes na Dodson, walifanya majaribio na panya, wakaona kwamba msisimko ukiwa mdogo mno kujifunza kunakuwa hafifu, na ukizidi mno, katika kazi ngumu, kunaharibika. Wengi wamelichukua hilo wakadhani kuna kiwango kimoja cha katikati kinachowafaa watu wote. Yuri Hanin, mwanasaikolojia aliyeanzia kazi yake Umoja wa Kisovieti na baadaye akafanya utafiti Finland, aliwafuatilia wanamichezo mmoja mmoja akaonyesha kwamba kila mtu ana eneo lake. Wapo wanaofanya vizuri wakiwa na wasiwasi mdogo, wapo wa katikati, na wapo ambao siku zao bora zilikuwa siku ambazo walikuwa na wasiwasi mwingi. Huwezi kujua yupi ni yupi kwa kumtazama. Unamuuliza juu ya siku zake.

Jikoni kwetu tunalijua hili: sombe, yaani majani ya muhogo, linataka moto wa pole na muda mrefu, sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, zinataka mafuta yanayochemka. Kijana wetu alikuwa sambaza iliyotiwa kwenye mafuta ya vuguvugu.

Kuna jambo jingine lililomgusa sana nilipomweleza. Moyo kwenda mbio, kinywa kukauka, viganja kutoka jasho, kwenda msalani kila mara: mwili unafanya hayo wakati wa hofu, na unafanya karibu hayo hayo wakati wa hamu na furaha kali. Tofauti kubwa iko katika jina unaloupa. Mwaka 2014 mtafiti wa Harvard, Alison Wood Brooks, alichapisha majaribio ya watu waliokuwa wakienda kuimba mbele ya wengine, kuhutubia au kufanya hesabu wakiwa na wasiwasi. Waliojiambia kwamba wana msisimko walifanya vizuri kuliko waliojiambia kwamba wametulia. Kumshusha mtu kutoka wasiwasi hadi utulivu ni safari ndefu, mwili unakataa. Kumgeuza kutoka wasiwasi hadi hamu ni hatua moja, kwa sababu mwili tayari uko huko.

Kocha hakukubali mara moja, na hoja yake ilikuwa ya maana. Kila klabu ya ngumi Kongo ina mzee wa kusimulia tarehe 30 Oktoba 1974, siku Muhammad Ali alipopigana na George Foreman, na yeye ndiye wa klabu yake. Ali alifanya nini Kinshasa? Alijilaza kwenye kamba, akamwacha Foreman apige hewa na mikono, akangoja, akamwangusha raundi ya nane. Ule si utulivu? Nikamwomba airudie raundi ya kwanza ya pambano lile. Ali alitoka kona yake akashambulia, tena kwa mkono wa kulia bila kutanguliza wa kushoto, jambo ambalo mabondia hawalifanyi hovyo kwa sababu linawaacha wazi. Na kule kwenye kamba hakunyamaza: alikuwa akimsemesha Foreman pambano zima. Ninavyoona mimi, yule alikuwa anawaka, na alijua kuushika moto wake. Kocha alicheka, kisha akauliza swali lililokuwa bora kuliko yote: na huyu wangu akiwaka akashindwa kuushika?

Hapo ndipo kazi yenyewe ilipo, na hapo nilikaa nao muda mrefu zaidi. Kumpandisha mtu ni rahisi, hata matusi yanapandisha. Tulihitaji kujua paa lake liko wapi. Tukaweka kipimo cha 0 hadi 10 alichokiita mwenyewe "moto", na kwa wiki kadhaa akawa anatamka namba kabla ya kila raundi ya mazoezi, kocha anaandika namba hiyo na anachokiona: miguu, mkono wa kushoto unarudi wapi, anasikia maelekezo au hasikii. Daftari likasema wazi. Chini ya 5 kisigino kinalala. Kwenye 7 na 8 ni yule wa Gisenyi. Akifika 9, kwa mfano watoto wa mtaa wakigonga bidoni, yaani madumu, na kumzomea, tulivyowaomba wafanye, anaanza kurusha ngumi za mzunguko, kidevu kinapanda, sauti ya kona haimfikii. Hasira humfanya mtu aone kitu kimoja tu, na katika ngumi kitu kimoja ni glovu ile inayokujia, huku ya pili ndiyo inayokuangusha. Kwa hiyo tulikuwa na sakafu na tulikuwa na paa.

Benchi likafutwa. Kwa kuwa saa ya pambano hapa haitabiriki, tuliacha kufuata saa tukafuata idadi ya mapambano yanayotangulia lake. Yakibaki manne, anafungwa bandeji huku anazungumza na wenzake, hakuna kujitenga. Yakibaki mawili, kuruka kamba, kisha kupigana na kivuli chake mbele ya ukuta. Likibaki moja, pedi za mikononi na kocha, raundi moja ya nguvu kamili hadi jasho litoke, na ngumi tatu za mwisho kocha anazirudisha kidogo usoni pa kijana, ili kichwa kiwe kimeshakwepa kitu kabla ya kengele. Pambano lililotangulia likiisha kwa kuangushana mapema, raundi ile inakatizwa katikati na anakwenda akiwa bado anahema. Afadhali hivyo kuliko kupoa.

Maneno yalikuwa shida ndogo. Alitaka kujiambia "siogopi", nikamkataza kwa sababu neno woga liko ndani yake na litabaki kichwani. Alijaribu mengi yakawa marefu. Mwisho akabaki na "Naingia", anayoitamka kwa sauti kila anapopiga hatua moja ya kupanda ulingoni. Visikizio alibaki navyo, nyimbo nazo, kwa sababu zinampa nguvu na ni imani yake. Zilihamia tu usiku wa kuamkia pambano. Mama yake niliongea naye kwa adabu, nikamwomba asiache kuomba, ila amwombee mwanawe moto pamoja na amani. Alinitazama kidogo, akasema Roho Mtakatifu naye alishuka kama ndimi za moto. Sikuwa na la kuongeza.

Pumzi ya taratibu, ile ya kocha, hatukuitupa. Kupumua polepole, kama mara sita kwa dakika, pumzi ya kutoka ikiwa ndefu kuliko ya kuingia, kweli kunashusha mapigo. Tuliihamishia kwenye kiti cha kona kati ya raundi na raundi, pale anapokuwa juu ya paa lake. Kocha naye akakubali sharti: ndani ya dakika ile moja, kwanza pumzi tatu ndefu bila neno, kisha agizo moja. Alikuwa na desturi ya kutoa maagizo matano.

Mashindano yalikuwa Bukavu, katika ukumbi mmoja wa Kadutu. Walisafiri na boti ya usiku, na niliwaomba wapande siku moja mapema ili ziwa lisichukue usingizi wa kuamkia kupimwa uzito. Pambano la kwanza lilikwenda kama daftari. Alipanda akiwa na 7, mguu wa nyuma ulikuwa hewani, ngumi mbili za kwanza zilikuwa zake, akashinda kwa pointi. La siku ya pili ndilo lenye mafundisho. Yakiwa yamebaki mapambano mawili, kamba iko mkononi, umeme ukakatika. Watu wakawasha simu. Jenereta lilikataa. Baada ya muda kocha akamuuliza namba, akajibu 4. Zamani wangengoja. Sasa walikuwa na mpango wa "ikiwa": ikiwa ni chini ya 5, rudi kwenye pedi hata kama ni gizani, hata kama hujui zimebaki dakika ngapi. Walipiga pedi kwenye korido, kwa mwanga wa simu moja. Umeme uliporudi hakuwa 7, alikuwa 6, na akaingia na 6 yake.

Alishindwa. Mwenzake alikuwa na mkono mrefu na uzoefu wa miaka, akamzidi raundi ya pili na ya tatu. Lakini raundi ya kwanza majaji wengi walimpa kijana wetu, na kwangu hilo ndilo lililokuwa swali. Hatukukubaliana kumpa ubingwa. Tulikubaliana aanze kupigana kengele inapolia. Raundi ya pili na ya tatu ni mambo ya mapafu, ufundi na mazoezi, na kocha anayajua kuliko mimi. Napenda kulisema hili waziwazi kwa sababu kazi ya maandalizi ya akili inauzwa siku hizi kama njia ya ushindi, na vijana maskini wanalipishwa kwa ahadi hizo. Inachofanya ni kumwezesha mchezaji kuleta siku ya mashindano kile alichonacho tayari.

Kilichonisumbua kilikuja baadaye. Kocha alirudi Goma amefurahi, akaanza kuwapandisha moto mabondia wake wote: pedi kali, makofi mabegani, kelele. Katika klabu kuna binti wa uzito mdogo ambaye siku ya pambano hutapika. Baada ya maandalizi hayo mapya alipanda ulingoni akitetemeka, akaruka ovyo dakika nzima hadi mikono ikaisha nguvu. Nilipomuuliza juu ya siku yake bora, alisimulia pambano ambalo asubuhi yake alifua nguo za nyumba nzima, akasuka nywele za mdogo wake, akafika ukumbini saa imeshakwisha na hakuzungumza na mtu. Moto wake ni 3, labda 4. Benchi lile tulilomnyang'anya kaka yake wa klabu, yeye anastahili kurudishiwa. Sasa kila bondia pale ana ukurasa wake katika daftari, na kabla ya mashindano kocha anaufungua wa huyu na wa huyu. Ana wachezaji wengi na hana msaidizi, hivyo siku nyingine wawili wenye mahitaji tofauti wanapangwa mfululizo, na inabidi bondia mkubwa amshikie pedi mmoja wakati kocha anakaa kimya na mwingine.

Kwa kijana mwenyewe kumebaki jambo moja. Usiku wa baada ya pambano hashuki. Anabaki na 7 hadi saa nane za usiku, anarudia video, anataka kutoka, na mara moja alitoka akagombana na mtu barabarani. Tulijenga ngazi ya kupandia tu. Sasa tunajenga ya kushukia: nusu saa ya kutembea na kocha kabla ya kupanda gari, chakula cha moto, simu inabaki kwa mama hadi asubuhi, na zile nyimbo za rafiki yake wa kanisani, kitandani, pamoja na pumzi ndefu.